Mkono Ulioushika Mtaa

...kwamba nilikusudia au sikukusudia, hilo ndilo swali, na angeuliza lingine lolote ningemjibu papo hapo, ulisimama wapi, ulitumia lenzi ipi, mwanga ulikuwa upande gani, hayo nayajibu hata nikiwa usingizini, lakini Bosi ameuliza neno moja tu, "Ulikusudia?", halafu simu yake ikalia, akaangalia nani anapiga, akainua kidole kunionyesha ningoje, na sasa anazungumza na watu wa mtambo wa kuchapia gazeti, anawaambia rangi ya jana ilitoka kama maji ya kuoshea vyombo, leo hataki kusikia habari za wino, na kidole bado kiko juu, kimenielekea, kama askari wa barabarani aliyesimamisha gari moja akasahau kuliruhusu, na gari lenyewe ni mimi, injini inaunguruma, maana picha iko pale ukutani kwenye skrini, kubwa kuliko mlango, na sijawahi kuiona kwa ukubwa huo, kusema kweli sijawahi kuiona kabisa, jana niliiangalia kwenye kioo kidogo cha mgongoni mwa kamera kwa muda wa kupepesa jicho, nikaipa nyota, nikaendelea na kazi... nyota, Mungu wangu, nyota kwangu ni takataka, ndiyo alama yangu tangu tulipoachana na filamu, picha iliyoharibika naitia nyota ili nikitulia niifute, na zilizo nzuri naziacha kama zilivyo, sasa wiki hii wametuletea mashine mpya, kila mpigapicha na yake aende nayo nyumbani, ukiichomeka kamera inachukua zenye nyota tu na kuzituma chumba cha habari bila kukuuliza wewe nani, walituitia mafunzo, sikwenda, nilikuwa kwa daktari, na ndivyo ilivyotokea kwamba Bosi na wenzake wamepokea takataka zangu zote na hakuna hata picha nzuri moja, na badala ya kunipigia simu waniulize kama nimelewa, wamezitundika ukutani na wanazikodolea macho tangu nilipoingia.

Juu ni wapi, anauliza Milimita, msanifu wetu wa kurasa, tuliyempa jina hilo kwa sababu hasogezi picha hata milimita moja bila ugomvi, anaigeuza kwa kipanya, anailaza ubavu, anaipindua kichwa chini, anairudisha, hakuna anayemjibu kwa sababu hakuna anayejua, mimi mwenyewe sijui, naona michirizi, kijivu juu ya kijivu, taa nyekundu za magari zimekuwa nyuzi zilizojikunja, kitu kama goti, kitu kama mkoba, weupe mmoja mrefu ambao huenda ni shati la mtu aliyekuwa anakimbia, hakuna uso, hakuna jicho, na mwandishi wa afya aliyekaa kando yangu, baba wa mapacha ambao hawajalala tangu wazaliwe, amesema hicho ni kichwa chake kila asubuhi, mmekipiga picha bila ruhusa yake, atatushtaki, na watu wakacheka, Bosi hakucheka, Bosi alisogea hadi pua yake ikakaribia skrini, akakaa hapo muda mrefu kuliko ninavyomjua, yeye picha huipa muda wa mtu anayevuka barabara, akarudi nyuma, akanitazama, akauliza, na simu ikalia, na hapa ndipo tulipo... sema ndiyo, ni neno dogo tu, ndiyo, Bosi, nilikusudia, kisha unanyamaza kama watu wenye vipaji wanavyonyamaza, na yote yanakwisha, na kwa nini usiseme, nani atajua, mkono uko chini ya meza umebanwa katikati ya magoti, chai iko mbele yangu imeshaota ukoko na sijaigusa, mhudumu aliijaza hadi mdomoni, ningeinyanyua sahani ingeimba na chumba kizima kingegeuka kutazama mwimbaji.

Maana wao wananiita Jabali, jina la kazini, alinipa dereva wa zamani wa gari la waandishi siku ya ghasia za sokoni, watu wanakimbia, moshi, mawe, na mimi nimesimama juu ya boneti lake napiga picha kama napigia kitambulisho, alisema huyu mama si mtu, huyu ni jabali, na jina likashika, na vijana wapya wakaambiwa, nenda ukamwone Jabali anavyoshika kamera, viwiko mbavuni, pumzi nusu, bonyeza, na niliwafundisha kwamba mkono ndio mpigapicha, jicho ni dalali tu... halafu mwaka huu, sijui hata siku gani, mkono wa kulia ukaanza kucheza, kitu kidogo, kama simu iliyozimwa sauti ikitikisika mfukoni, nikadhani ni baridi ya kiyoyozi, nikadhani ni kahawa, nikaacha kahawa, ukaendelea, nikaanza kupiga picha zangu mchana kweupe ambapo mwanga ni mwingi na kipazia cha ndani ya kamera hufunguka na kufunga haraka kiasi kwamba hata mlevi angepata picha kali, nikaanza kusingizia, jioni nina mgonjwa, jioni nina kikao cha mtaa, jioni mpeni fulani naye ajifunze, na fulani akashukuru, akasema dada una roho nzuri, roho nzuri, laiti angejua, na hakuna aliyegundua, ila mmoja.

Mume wangu ni fundi saa, anafungua saa za watu kwa kibano na kioo cha jicho, vitu vidogo kama mbegu za nyanya, akipiga chafya biashara imekufa, na mtu wa kazi hiyo huangalia mikono ya watu kabla ya nyuso zao, na asubuhi moja niliona chai yangu imefika nusu ya kikombe, kesho yake nusu, na keshokutwa, nikadhani tumeanza kubana matumizi, nikamwambia baba watoto, sukari imepanda au mimi ndiye nimeshuka thamani, akasema bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa anaifunga, "Kikombe kikijaa kinachosha mkono," akaendelea na skrubu yake, na mimi nikaenda bafuni nikafungua bomba maji yatoke kwa kelele... ndiye aliyenituma kwa daktari, alinisindikiza hadi kituo cha basi, akasema mficha maradhi anajua mwisho wake, sihitaji kuumalizia msemo, na daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaniambia ninyooshe mkono, akaweka karatasi juu ya kiganja, karatasi ikacheza kama jani, akaitazama, akapima hiki, akagonga kile, akatuma damu maabara, majibu yakaja mazuri, mishipa mizima, damu safi, akaniuliza unalala wapi, unasikia nini ukiwa umelala, nikamhesabia, jenereta ya duka la chini, makondakta wanaoanza kuita abiria kabla ya jogoo, jirani wa juu anayekata vigae kwa mashine wakati watu wengine wanasali, simu ya ofisini ambayo haina Jumapili, honi, honi, honi, na nikiwa naongea nikaona kope la daktari la kushoto linaruka, linatulia, linaruka, akajua nimeliona, akacheka, akasema na mimi hivi hivi, kila mtu na mahali pake, tetemeko langu limechagua jicho, "Mji umekuingia, mama, sasa unatafuta pa kutokea," akaandika nipumzike, nikamuuliza nipumzikie wapi, akacheka tena, kope likaruka.

...hapana, hiyo haiwezekani, anasema Bosi kwenye simu, ukurasa wa nane ni wa afya, haujaingia tangazo, nani kasema umeingia tangazo, na Milimita amechoka kuigeuza ile ya kwanza, amefungua ya pili, ni ya watu wanaopanda ngazi za daraja la waenda kwa miguu, au wanaoshuka, ngazi zimekuwa kama mbavu za samaki, watu wamekuwa moshi kati ya mbavu, mwandishi wa afya amevua miwani, ameivaa tena, hakutania safari hii, na ukurasa wa nane ni wake, habari yake ni msongo wa maisha ya mjini, ni habari tunayoiandika kila baada ya muda fulani kama kodi ya nyumba, na picha yake ilikuwa moja siku zote, mtu amekaa mezani kashika kichwa kwa mikono miwili, na mtu mwenyewe ni mhasibu wetu wa ghorofa ya tatu, mpole, aliombwa siku moja atushikie kichwa mara moja tu, akashika, na tangu hapo ameshika kichwa katika habari za mikopo, katika habari za talaka, katika kupanda kwa nauli na kufeli kwa watoto, mpaka mama mkwe wake akasafiri kuja kuuliza mkwe wangu ana nini, mbona kila mwezi, ikabidi apande huku juu, akasimama hapo mlangoni akasema kwa adabu kabisa kwamba kichwa chake kimechoka na anaomba kistaafu, na Bosi akanigeukia jana akasema, dada, nenda nje, usiniletee kichwa cha mtu, niletee mji, na nikataka kusingizia mgonjwa, lakini alisema jioni, alisema nataka saa ya watu kutoka kazini, na wale vijana wote walikuwa wametumwa kwingine, nikachukua begi langu.

Na nilikwenda nikiwa na hofu, hilo nalijua mwenyewe, nilianza na kichochoro cha mafundi viatu nyuma ya benki, kimya kiasi, mwanga bado upo, nikapiga picha tano sita nzuri, watu wamesimama, viatu vinaonekana hadi kamba, nikasema leo Mungu yuko upande wangu, nikaingia barabara kuu, nikaingia chini ya daraja la magari pale ambapo njia zote zinakutana na hakuna njia, na jua likawa limepita nyuma ya majengo, kipazia cha kamera kikahitaji muda mrefu zaidi kunywa mwanga, na hapo mkono ukajua kwamba umepata nafasi, ukaanza, basi lilikuwa linarudi kinyumenyume likipiga honi, mtu alikuwa anamfokea mtu kwenye simu, nimekwambia sina, sina, unataka nijichune ngozi, mama mmoja alikuwa ameshika viatu vyake mkononi anakimbia peku akiwa na suti ya ofisini, bega la mtu likanigonga, samahani, la mwingine likanigonga bila samahani, juu ya vichwa vyetu zege lilikuwa linanguruma kwa magari yasiyoonekana, na mimi nilikuwa nabonyeza, nabonyeza, na kila nikiangalia kioo naona uji, naweka nyota, uji, nyota, nikajisemea umekwisha, mama, Jabali limekuwa mchanga, kuna wakati nilibonyeza nikiwa na machozi, si ya kulia hasa, ya hasira, ya mtu anayepiga mlango aliozoea kuufungua... kisha nikarudi nyumbani nikachomeka kamera kwenye mashine mpya ili nipeleke zile tano sita za mafundi viatu, nikala nusu kikombe changu, nikalala.

Nusu kikombe cha chai hakiliwi, najua, nilikuwa nimechoka... sasa sikiliza, fikiri kama mtu mzima, ukisema ndiyo kinatokea nini, Bosi atapiga meza, atasema nilijua, atasema kila Jumamosi ukurasa mzima, jina lako kubwa, na wataniita kwenye kumbi kueleza, nitasimama na shali shingoni niseme nilikuwa nauhoji mwendo, nilikuwa nauvua mtaa nguo, maneno ninayoyasikia wakati napiga picha za maonyesho ya watu wengine, nikisubiri hotuba iishe, na wakinipa kijana aje ajifunze, nitamfundisha nini, shika hivi, sasa tetemeka, na nikipona, hilo ndilo la kuchekesha, mkono ukipona siku moja itabidi nijitikise mwenyewe kama mtu anayeigiza baridi... na ukisema hapana kinatokea nini, kinachotokea ni kile kilichompata mwenzangu wa zamani macho yalipomlegea, walimkatia keki hapa hapa kwenye meza hii, hotuba, makofi, wakamshusha chini maktaba ya picha, chumba kisicho na dirisha, anaandika majina nyuma ya picha za watu waliokwisha kufa, ana feni, ana kiti kizuri cha kuzunguka, nikimtembelea ananiuliza leo mvua imenyesha, swali hilo tu, leo mvua imenyesha, na mimi huwa natoka kule nikipanda ngazi mbili mbili kama ninafukuzwa, kwa hiyo hicho ndicho kilicho mezani, mtaa au kile kiti cha kuzunguka, na Bosi si mtu mbaya, sheria ya gazeti ndiyo inayosema, mpigapicha akiwa na udhaifu wa mkono au jicho hatumwi nje, imeandikwa, nimeisaini.

...basi mpe kaka mkubwa aongee, anasema Bosi, siongei na wewe, mpe msimamizi, na anatulia kungoja msimamizi aje kwenye simu, kidole kimelegea kidogo lakini hakijashuka, na Milimita amezipanga picha zangu zote kwa pamoja sasa, safu kwa safu, kama vigae, na mimi naangalia kwa sababu siwezi kuangalia kidole tena, naangalia tu, na kuna kitu, subiri, kuna kitu hapo... ile ya chini ya daraja la magari, pembeni kulia, ule mstari ni mlingoti wa taa za barabarani, si mtu, ni mlingoti, na umetetemeka, na chini yake ule ni ukingo wa barabara, jiwe, nao umetetemeka, na nguzo ya zege ya daraja, kitu ambacho hata lori halikukitikisa, imetetemeka, na hili ni somo la siku ya kwanza, nimelifundisha kwa mdomo huu, kilichosimama hutoka kikali, kinachokwenda ndicho huacha mchirizi, watu wakikimbia watachirizika lakini ukuta utabaki ukuta, na hapa ukuta haukubaki ukuta, ukuta na mtu na taa na jiwe vyote vimepigwa wimbi moja, wimbi dogo dogo linalopanda na kushuka, naliona kwenye nyuzi za taa nyekundu, naliona kwenye mlingoti, ni lile lile, kama mwandiko wa mtu mmoja kwenye barua nyingi, na natazama picha ya kando yake, mwandiko ule ule, na ya chini yake, ule ule... mimi sikuwaletea picha ya watu wanaohangaika, hii ni, hii ni mkono, huu ni mkono wangu pale ukutani, mkubwa kuliko mlango, na hakuna anayejua isipokuwa mimi.

Na damu imenipanda kichwani lakini si hofu, nilidhani ingekuwa hofu, ni kile kitu kingine, kile cha siku nikiwa msichana nilipotia karatasi kwenye dawa kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha na uso wa mama yangu ukaanza kutokea kutoka kwenye weupe, polepole, nyusi kwanza, na nikapiga ukelele mtu akagonga mlango kuuliza nani kaungua, ni hicho, kinanipanda mgongoni, naomba Milimita asizifunge, usizifunge, ndugu yangu, na kama aliyenisikia anaivuta moja ikajaa skrini, ni ile niliyopiga kwenye njia panda kabla sijaingia chini ya daraja, na wimbi lake ni dogo, jembamba, karibu halipo, anavuta nyingine, ya chini ya daraja basi lilipokuwa linarudi nyuma, wimbi limekuwa nene, linaruka, kama mashine ile ya hospitali inayochora moyo wa mtu, anavuta ile ya mama mwenye viatu mkononi, na hapo wimbi si wimbi tena, ni mikwaruzo, ni mtu anayeandika haraka kabla hajanyang'anywa kalamu... kwa hiyo hautetemeki ovyo, unapima, pale palipo kimya unaandika kidogo na pale palipo na kelele unaandika zaidi, ulikuwa unaandika muda wote na mimi nikawa nauficha chini ya meza kama mtoto mwenye mkono mchafu, miezi yote hii nautia mfukoni, naukalia, naubana, na wenyewe ulikuwa kazini.

Na zile nyingine, zile kali, miaka yote ile ya picha kali, wamejaa kule chini kwenye makabati, watu wangu wote wa barabarani, mguu mmoja umeinuliwa hewani na hautui kamwe, honi haisikiki, jasho limesimama shavuni kama kito, nyuso zimetulia kwa sababu kipazia kiliwakata katikati ya pumzi, na wasomaji walikuwa wakiangalia wanasema mji wetu una utaratibu, tazama wanavyovuka, na nikapewa vyeti, viko ukutani kwetu juu ya meza ya mume wangu, nilikuwa nausimamisha mtaa, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu, Jabali anausimamisha mtaa, na mtaa haujasimama hata siku moja, nilikuwa naandika kitu ambacho hakikutokea, kwa mkono safi... jana kilitokea kilichotokea, mama alikimbia peku, bega lilinigonga, yule wa simu alisema unataka nijichune ngozi, na yote hayo yamo mle, siwezi kuonyesha uso wake lakini yumo, sauti yake imo, iko kwenye lile jiwe la ukingo, jiwe halijawahi kusikia kelele likazionyesha isipokuwa hapo, na Bosi alisema usiniletee kichwa cha mtu niletee mji, na nimemletea, kwa nyota za takataka, bila kujua, nimemletea, nataka kucheka, nakunja midomo, mwandishi wa afya ananitazama, anauliza kwa sauti ya chini uko sawa, dada, nikamwambia sijawahi kuwa sawa hivi, akasema basi nigawie.

...msimamizi, habari za jioni, anasema Bosi, nikuulize kitu kimoja tu, na anauliza vitatu, na mimi sasa najua siwezi kusema ndiyo, ajabu, dakika chache zilizopita lilikuwa neno dogo, sasa halipiti kooni, si kwa sababu ya uaminifu, nisijipake mafuta, ni kwa sababu nikisema nilikusudia nitakuwa nimezipunguza, zitakuwa picha za mtu mjanja aliyetikisa kamera, mtu yeyote anaweza kutikisa kamera, mpe mtoto wa shule ya awali atakutikisia, lakini hizi hazikutikiswa, hizi zilitikisika, na mtu atakayekuwa anasoma ukurasa wa nane kesho, amesimama kwenye foleni ya basi, kope lake linaruka, taya limekaza, au mguu wake unacheza chini ya kiti bila kuambiwa, huyo akiambiwa mpigapicha alibuni atasema wamebuni vizuri na atafungua michezo, akiambiwa mkono ulitetemeka wenyewe atauangalia mguu wake... hilo nalitaka, Mungu anisamehe, nalitaka kuliko mshahara, na kile kiti cha kuzunguka kipo, nakiona, sijakisahau, feni inazunguka, na inawezekana wanakipangusa vumbi kesho, lakini kwanza itawabidi waeleze ni nani mwingine hapa ana mkono unaoandika hivi, wamtume nani, wamtume Milimita, na hata wakinishusha nitakuwa na Jumamosi, nitakuwa na jioni zangu, daraja halina mlinzi, mtaa hauombi kitambulisho cha gazeti.

Na Bosi amenigeukia, ameishusha simu kutoka sikioni, ameifumba kiganjani, nyusi zimepanda, ananong'ona eh, dada, kana kwamba jibu lilikuwa njiani na limechelewa foleni, na nikasikia sauti yangu imeshatoka kabla sijaipanga, "Hapana. Sikukusudia hata moja," na Milimita ameachia kipanya, inasikika sauti ndogo ya msimamizi inayoendelea kueleza habari za wino ndani ya kiganja cha Bosi, na nimeutoa mkono chini ya meza, nimeuweka juu pamoja na kalamu za watu na karatasi za watu, unacheza, waache waone, "Unatetemeka, una miezi sasa, chini ya daraja unatetemeka zaidi, ndiyo hiyo mnayoiona ukutani, naomba unirudishe pale," na Bosi anautazama mkono, anaitazama picha, anaurudia mkono, polepole, kama mtu anayelinganisha sahihi mbili, midomo imefunguka kidogo, halafu ndani ya kiganja msimamizi amepandisha sauti, haloo, haloo, bosi, uko hewani, na anarudisha simu sikioni, anasema niko hapa, endelea, kwa sauti ambayo si ile ya kugombana, macho hayajaniacha, na kidole chake, sijui kama anajua, bado kiko juu, nami sina haraka ya jibu lake tena, nina haraka nyingine, begi liko miguuni kwangu, betri imejaa, na nyuma yake dirishani magari yameanza kuwasha taa, moja, nyingine, safu nzima, zege limeanza kunguruma, na kama hatakishusha upesi hicho kidole mwanga utaniishia.